Warithi Wasioonyeshwa Urithi

Lipo neno lililozoeleka vinywani mwetu hata hatulipimi tena: kwamba safari ya kwenda kutazama wanyama ni starehe ya wageni, na kwamba mwenyeji mwenye akili ana kazi nyingine za kufanya. Katika nyanda za juu za Kigoma neno hili lina madhara makubwa. Mkoa ule una Hifadhi za Taifa mbili, Gombe na Mahale, na mashariki ya Kibondo limetanda Pori la Akiba la Moyowosi. Hata hivyo kijana aweza kumaliza shule Kasulu au Kibondo, akaenda chuo kikuu, akarudi na shahada, naye hajapata kumwona sokwe mtu ila katika picha. Nasema kwamba jambo hili ni aibu, na aibu yenyewe si ya kijana. Ni ya wale wamfundishao.

Wa kwanza kujibiwa ni yule asemaye kwamba Gombe ni ndogo mno, na atakaye wanyama na aende Serengeti. Ni kweli kwamba Gombe ni ndogo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba hamsini na kitu, na Serengeti yapita 14,000. Haina barabara ya gari. Watu hufika kwa mashua kutoka Kigoma mjini, kisha hupanda vilima kwa miguu. Hapana simba wa kutazamwa dirishani. Lakini heshima ya mahali haipimwi kwa kamba ya mpima mashamba. Katika vilima hivyo, mwaka 1960, Jane Goodall alimwona sokwe akichukua unyasi, akautumbukiza katika tundu la kichuguu, akautoa umeshikwa na mchwa, akawala. Aliona tena sokwe wakichuma kijiti na kukipukusa majani ili kifae kwa kazi hiyo. Wataalamu wa wakati ule walifundisha kwamba kutengeneza zana ni alama ya binadamu peke yake. Fundisho hilo lilivunjika Kigoma. Mahali padogo kando ya ziwa palimlazimisha mwanadamu ajiulize upya yeye ni nani. Atakayeona haya ni machache, na atuambie kingi ni kipi.

Wa pili ni yule asemaye kwamba mambo haya ni kazi ya Wazungu. Huyu hakuisoma habari ya Gombe hata mwisho. Mwezi wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakawateka vijana wanne wa utafiti waliotoka ng'ambo. Vijana hao waliachiliwa baadaye, lakini utafiti wa wageni ulisimama pale kwa muda mrefu. Je, sokwe waliachwa bila wa kuwaangalia? La. Watanzania, wengi wao watu wa vijiji vya jirani, waliendelea kupanda vilima alfajiri, kuwafuata sokwe mmoja mmoja kwa jina lake, na kuandika amekula nini, amelala wapi, amezaa lini. Kama isingekuwa daftari zao, kumbukumbu ambayo dunia huisifu kwa urefu wake ingekatika katikati. Basi mtu asituambie kwamba macho ya Mwafrika hayana haja na sokwe. Yalikuwapo, yakatazama, yakaandika, wakati macho mengine yamelazimika kuondoka. Kilichokosekana ni mwalimu wa kulisimulia jambo hili darasani.

Wa tatu husema: hata hivyo, wao wako huko ziwani na sisi tuko huku juu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia Gombe, nao hudhaniwa ulitoka kwa watu wa nje ya hifadhi. Sokwe kadhaa walikufa, na wengine walipona na viungo vilivyolemaa. Ugonjwa hausomi kibao cha mpaka. Na miti nayo ni vivyo hivyo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 Gombe ilikuwa kama kisiwa cha msitu katikati ya vilima vilivyokwanguliwa, na kwa sababu hiyo mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianza kazi ya vitalu vya miti na kilimo bora katika vijiji vya mkoa. Sokwe wa Gombe hukadiriwa kuwa karibu mia moja tu. Jamaa ndogo namna hiyo, ikifungiwa mahali pamoja bila njia ya kuwafikia sokwe wengine, hudhoofika kizazi baada ya kizazi. Na njia hizo hazimo ndani ya hifadhi. Zimo katika misitu na mashamba ya vijiji. Kwa hiyo mwenye kukata shauri juu ya maisha yao si mtalii mwenye kamera, bali ni mkulima mwenye panga. Ni upumbavu ulioje kumwonyesha wanyama yule asiyeweza kuwaokoa, na kumficha yule awezaye!

Kibondo nayo ina somo lake, chungu zaidi. Mgeni afikapo katika mapori ya mashariki huambiwa kwamba hiyo ni nchi ambayo mkono wa mtu haukupata kuigusa. Maneno haya huficha nusu ya habari. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, ikipambana na ugonjwa wa malale, iliwahamisha Waha wengi wa Kibondo na Kasulu kutoka katika maskani yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika makao mapya. Walikohama, mashamba yaligeuka vichaka, vichaka vikawa pori, na mbung'o wakastarehe. Basi pori lina mababu ndani yake. Mtu wa Kibondo aingiapo humo haendi kutazama maajabu ya nchi ya watu. Aingia katika sura moja ya historia ya jamaa zake, na ana haki ya kuisoma na wajibu wa kuisimulia.

Najua jibu la mwisho: umaskini. Jibu hili si la kuchekwa. Mtu aliyepoteza mahindi yake kwa nyani hapendi kuhubiriwa uzuri wa nyani, na nauli kutoka Kibondo hadi Kigoma, pamoja na mashua, si fedha ya kuokota. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini kiingilio hakimfikishi mtu mlangoni. Lakini neno hilo ladai safari zigharimiwe; halidai zisiwepo. Halmashauri hupata fedha za michezo na za sherehe; vyuo hupata fedha za mikutano. Safari moja kwa wanafunzi wa sekondari, mara moja kabla hawajahitimu, si anasa kuliko hayo. Nao wasiende kwa kelele na kupigana picha. Wafundishwe kukaa mbali na sokwe, kuziba pua na kinywa ili wasiwaambukize mafua, na kungoja kimya hata kama siku nzima yapita bila kuona kitu. Kungoja huko ni elimu pia.

Mwezi wa Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko kwamba wanyama wa porini ni amana, na kwamba nchi itajitahidi ili wajukuu wa watoto wetu nao waufaidi urithi huo. Wajukuu hao sasa wamezaliwa, na wengine wameketi madarasani Kasulu na Kibondo. Ahadi iliyotolewa kwa jina lao haitimizwi kwa kuwahifadhia kitu wasichokijua. Mrithi asiyeonyeshwa urithi hataulinda ukiibwa, wala hatajua kwamba umeibwa. Nasi tusimlaumu siku hiyo, maana mlango ulikuwa karibu na nyumba yake, na sisi tulioshika ufunguo tuliwafungulia wageni peke yao.