Abaya ya Mwaka Jana

Mwaka 2025 nyumba kubwa za mavazi za Ulaya zilibadili mafundi wakuu: Dior ikamkabidhi kazi Jonathan Anderson, Gucci ikamtwaa Demna, na Chanel ikaonyesha mitindo ya kwanza ya Matthieu Blazy. Fundi mpya huja na mkato mpya, na mkato mpya hulifanya vazi la jana kuwa kuukuu kabla halijachakaa. Ndiyo biashara yenyewe.

Yatuhusu nini sisi wa Kibiti na Delta? Yatuhusu, kwani mwaka 2016 Dolce & Gabbana nao walitoa abaya na mitandio; stara imekwisha kuingizwa sokoni. Bibi zetu nao walipenda kanga iliyoteremka jana, tusiwasingizie utawa. Lakini doti ilibadili maua na maneno tu, hata kanga ya miaka mitano ikabeba mtoto na kuingia msibani bila haya. Abaya hubadili mikono na nakshi, na ya mwaka jana hujulikana tangu mlangoni.

Mzazi wa Nyamisati, mvua kamba na mkulima wa mpunga, atawanunulia binti watatu mara ngapi? Katika madrasa yetu wamo wasichana walioacha sala ya Idi kwa kuionea haya mikono ya nguo. Sala ya Idi! Siwalaumu wao wala baba zao. Nasema na wenye nafasi: binti wa mwenye duka na atangulie kuivaa abaya ya mwaka jana, tuone kama binti wa mvuvi atabaki nyumbani.