MAJI NI UHAI: Vali ya mjigo ikichoka

Mwezi huu tunaongelea ule mjigo ambao asubuhi mama anapampu mpaka mikono inamuuma ndipo maji yatoke, na mtoto anachelewa shule.

Jaribuni hivi: pampuni mpaka maji yatoke, ngojeni nusu saa, halafu pampuni tena. Yakikawia, basi yalirudi kisimani. Mara nyingi ni vali ya chini imechoka, ingawa bomba lililopasuka nalo hufanya hivyo. Kama maji yanatoka upesi ila kidogo, angalieni mpira wa pistoni.

Mjigo wa Afridev, uliobuniwa hapa Malawi na kule Kenya miaka ya 1980, vali yake huvuliwa kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa bomba lenyewe. Mkienda Lilongwe kununua nyingine, chukueni ile ya zamani mkailinganishe. Ya pampu ya aina nyingine haifai. Mpira uwe laini, usiwe na ufa. Pengine mpira peke yake unatosha, msinunue vali nzima.

Kazi aifanye fundi wa kamati ya maji. Sisi tutoe mchango mapema, tusingoje mjigo ufe.