WATU NA KAZI ZAO: Wakili Aliyetoka Mahakamani Akaingia Bungeni

Kuitumia sheria ni kazi moja, na kuitunga ni kazi nyingine. Maisha ya marehemu Bwana C. M. G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili wa mahakamani, yaonyesha jambo hili vyema.

Bwana huyo alizaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere, akawa mwalimu, kisha akaenda Uingereza. Huko ndiko alikojifunza sheria. Alirudi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa.

Kanuni za wakati ule zilikuwa kali. Mtu aliyekutwa na risasi bila ruhusa aliweza kuhukumiwa kifo, na walionyongwa katika miaka ile walizidi 1,000. Bwana Argwings-Kodhek aliwatetea wengi walioshtakiwa. Lakini wakili wa wakati ule, hata akiwa hodari namna gani, hakuweza kumwomba jaji aifute kanuni kwa sababu ni kali mno. Aliweza kumhoji shahidi. Aliweza kuonyesha kuwa ushahidi hautoshi. Kanuni yenyewe ilibaki vile vile. Kuibadili ilikuwa kazi ya wenye uwezo wa kutunga sheria.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua kwa kura, kwa mara ya kwanza, wajumbe 8 wa Baraza la Kutunga Sheria. Si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe na sifa kama vile elimu, mali au utumishi wa miaka mingi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura 3. Wakili huyu alisimama Nairobi, akashindwa na Bwana Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1963 watu wa Gem, huko Nyanza, walimpeleka Bungeni. Alipofariki Januari 1969, kwa ajali ya gari kama ilivyotangazwa, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Barabara moja ya Nairobi yaitwa kwa jina lake.

Basi anayeona sheria fulani inamwonea asimlaumu hakimu peke yake. Hakimu hupima kwa kipimo alichopewa. Mwenye kutaka kipimo kibadilishwe na amwendee mjumbe wake, tena amchague kwa uangalifu.