Watoto wa Makoko na Nyumbu wa Kwenye Televisheni

Kila shule zinapofungwa mwezi Juni, swali hapa Makoko ni lile lile: watoto wataenda wapi? Wenye uwezo huwapeleka Mwanza au Dar es Salaam kwa shangazi. Waliobaki, ambao ndio wengi, wanapiga chandimu hadi jua linazama, wanashinda kwenye kibanda cha video, au wanatoroka kwenda ziwani bila mama kujua. Leo nina hoja moja tu, na naisema mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka mwisho. Sisi watu wa Musoma tunaishi katikati ya vivutio ambavyo dunia nzima inavitamani, lakini tumeviacha viwe vya wageni. Wanaopunjwa ni watoto.

Najua kuna atakayesema, "Huyu kijana naye! Watu wanatafuta hela ya unga, yeye anazungumzia utalii." Subiri kidogo ndugu yangu, hilo nitalifikia.

Kwanza tuhesabu tulivyo navyo. Sehemu kubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti imo ndani ya mkoa wetu wa Mara. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na mwaka 1981 iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lango lake la Ndabaka liko pembeni kabisa ya barabara kuu ya Musoma kwenda Mwanza, ukishaipita Bunda. Kutoka hapa Makoko ni chini ya kilomita 100, na barabara ni ya lami. Mtu anapanda ndege kutoka Marekani, anabadilisha ndege mara mbili, analala hoteli tatu njiani ili aone kitu ambacho sisi tungeweza kukifikia asubuhi na kurudi jioni tukala ugali nyumbani.

Kinachonishangaza zaidi ni kalenda. Kundi la nyumbu, zaidi ya milioni moja, huzunguka mwaka mzima likifuata mvua na majani. Kwa kawaida kati ya Mei na Julai huwa linapita upande wa magharibi, kwenye ukanda wa Mto Grumeti, ule mkono wa hifadhi unaonyooka kuja kwetu ziwani. Yaani wanyama wanasogea karibu nasi kuliko wakati mwingine wowote, wakati ule ule watoto wako likizo! Mwenyezi Mungu ametupangia ratiba, sisi tunakosa basi.

Halafu kuna huu Mto Mara wenyewe. Ule mto unaoonyeshwa kwenye filamu, nyumbu wanajitosa na mamba wanawasubiri, unadhani maji yake yanakwenda wapi? Yanateremka kutoka Kenya, yanakatiza Serengeti, yanapita kwenye bwawa la Masurura na chini ya daraja la Kirumi, kisha yanamwagika Ziwa Victoria hapa hapa jirani yetu. Mtoto wa Makoko akioga ziwani anaoga kwenye maji ambayo mengine yametoka huko. Lakini muulize nyumbu wanavuka wapi, atakwambia "kwenye televisheni". Nimewauliza wengi, na jibu halibadiliki sana.

Mwaka 1959 Mjerumani mmoja, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu kuhusu Serengeti. Ilipata tuzo ya Oscar. Kwa hiyo mtoto wa Frankfurt wa mwaka ule aliijua Serengeti, angalau kwa macho. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 2022, ikaja filamu ya Royal Tour ambayo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliongoza wageni kuonyesha vivutio vyetu. Sina ugomvi na filamu hizo. Mgeni aje, alipe, tupate dola. Ninachouliza ni hiki: mtoto wa Makoko naye aendelee kuiona Serengeti kama anavyoiona mtoto wa Frankfurt, kupitia kioo?

Sasa nataka tukumbushane jambo ambalo nadhani tumelisahau. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko kuhusu wanyamapori, linalojulikana kama Tamko la Arusha la 1961 (msilichanganye na Azimio la 1967). Kwa maneno yangu mimi, tamko lile liliahidi kwamba taifa jipya litafanya kila liwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waufurahie urithi huu. Soma tena hapo. Wajukuu wa watoto wetu. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1961, wajukuu wa watoto wake ndio hawa wanaopiga chandimu hapa mtaani. Ahadi iliwekwa kwa ajili yao, tena iliwekwa na mtoto wa Butiama, jirani yetu kabisa. Wanyama tumewatunza, na tunastahili pongezi. Ila neno "kuufurahia" bado hatujalitimiza.

Kuna maneno yanayonukuliwa sana kwamba Mwalimu mwenyewe alisema hakuwa mtu wa kupoteza likizo yake akitazama mamba, ila alitaka wanyama wabaki kwa sababu wageni wangelipia kuja kuwaona. Naona wengi wetu tumebaki na nusu hiyo tu: wanyama ni biashara, ni wa mzungu mwenye kamera. Lakini yeye alikuwa anajenga nchi isiyo na kitu. Sisi hatuna sababu ya kuishia hapo.

Turudi kwa ndugu yetu wa hela ya unga. Ni kweli fedha ni shida. Lakini tuseme ukweli shida iko wapi. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini ni kidogo mno ukilinganisha na anachotozwa mgeni kwa dola. Kinachotuangusha ni gari. Mtu mmoja kukodi gari la kuzungukia mbugani ni mzigo mkubwa hata kwa mwenye mshahara. Watu ishirini na tano wakichanga kukodi basi dogo, hesabu inabadilika kabisa. Sisi hawa hawa tunachangia harusi, kamati inakaa vikao sita, mchango wa mtu mmoja unatosha kumpeleka mtoto Serengeti na kumrudisha. Sisemi tuache kuchangiana harusi, msinipige mawe! Nasema tunajua kuchanga tukiamua.

Tena hili si suala la starehe tu. Nendeni vijiji vya Bunda na Serengeti vinavyopakana na hifadhi. Kule mtoto anamfahamu tembo, lakini anamfahamu akiwa shambani usiku, anakula mahindi ya baba yake. Au anaifahamu hifadhi kama mahali ambapo mjomba alikwenda kuwinda, akakamatwa, akafungwa. Mtoto wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu kutunza wanyama? Akikua akiwa na kura mkononi, au na panga, ataamua kwa alichokiona. Hawezi kukipenda kitu ambacho amekutana nacho kwa hasara na pingu tu. Safari moja haitalipa mahindi yaliyoliwa, na madai ya fidia yabaki pale pale. Lakini mtoto ana haki ya kumwona tembo mahali pake, mchana, akiwa na ndugu zake, kabla hajaambiwa amchukie au amlinde.

Baada ya Serengeti, Butiama. Hii haihitaji hata kuchanga sana, magari ya abiria yapo. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere ilifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule alioaga dunia, na kaburi lake liko pale Mwitongo, katikati ya majabali ya nyumbani kwao. Kila 14 Oktoba magari ya wakubwa hujipanga, hotuba zinatolewa, halafu siku nyingine kunakuwa kimya. Mwaka 1934 kijana wa miaka 12 alitoka Butiama kuja kuanza shule hapa Mwisenge, njia ya kilomita arobaini na ushei, kwa miguu. Shule ya Mwisenge tunaiona kila siku. Kwa nini basi tusiwapeleke watoto waifuate njia ile kinyume, kutoka Mwisenge hadi Butiama, hata kwa gari? Mtoto akaone vitu alivyovitumia Mwalimu, asimuliwe alivyopenda kucheza bao na wazee wenzake, arudi ajue kwamba Baba wa Taifa hakuzaliwa kwenye noti. Alizaliwa kijijini kama chake.

Sasa ziwa. Hapa ndipo roho inaniuma zaidi kwa sababu liko mlangoni. Ziwa Victoria, kilomita za mraba kama 68,800, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Tuna majabali ya kukalia, tuna machweo, tuna mdiria wanaopiga mbizi kwenye maji. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa zinawaka majini mpaka unadhani kuna mji mwingine upande wa pili. Hilo ni onyesho la bure kila mwezi. Kesho yake asubuhi nenda mwaloni uone dagaa wanavyoanikwa na sato wanavyopimwa, kisha kula sato wa kuchoma na ugali wa udaga. Mgeni anaita hiyo "ziara ya utamaduni". Sisi tunaita Jumamosi.

Lakini ziwa hili hili linaua. Watoto wanakwenda kuogelea popote, hakuna wa kuwaangalia, wengi hawajafundishwa kuogelea. Kuna kichocho kwenye maji yaliyotuama na matete, kuna mamba na viboko sehemu nyingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, umbali mfupi sana kutoka ufukweni. Watu waliozaliwa na kukulia ziwani! Baada ya msiba ule nilidhani kila mji wa kando ya ziwa ungeanza kufundisha watoto kuogelea. Tukalia, tukazika, tukasahau.

Na ufukwe wenyewe unazidi kupungua. Kila mwaka ukuta mpya, geti jipya, bao jipya la "hairuhusiwi kupita". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za ziwa. Najua sheria ile iliandikwa kulinda mazingira, haikuandikwa ili sisi tupate pa kupunga upepo. Lakini ikisimamiwa vizuri, ukanda unabaki wazi, na ukanda ulio wazi ni wa wote. Ukishafungwa leo, usidhani mjukuu wako ataufungua.

Kwa hiyo napendekeza nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Moja: ule utaratibu wa hifadhi wa ujirani mwema, ambao umesaidia kujenga madarasa na zahanati kwenye vijiji vya jirani, uongezewe basi. Basi tu. Kila Juni libebe watoto wa shule za msingi za Mara kwa zamu. Shule zichange mafuta, wazazi wafunge chakula.

Mbili: waheshimiwa madiwani watenge kipande kimoja cha ufukwe, hata mita 200, kiwe cha umma. Kiwe na choo, kivuli, maboya ya kuonyesha mwisho wa kuogelea, maboya ya kujiokolea, na vijana wawili wanaojua kuogelea wanaolipwa kwa miezi ya likizo. Hao vijana wafundishe watoto. Ajira hiyo, na maisha yanaokolewa.

Tatu ni letu sisi vijana. Tuache kumsubiri mgeni ndipo tujifanye waongozaji. Hapa Makoko tumezoea wageni, maana chuo cha lugha kilichoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll kimefundisha Kiswahili watu kutoka pande nyingi za dunia. Mtu anatoka mbali, anajifunza lugha yetu, anauliza jina la kila ndege na kila samaki. Na sisi tumwonyeshe mdogo wetu kwa moyo ule ule tunaomwonyeshea mgeni.

Nikiulizwa faida yake kwa pesa, nitajibu kwamba mwongozaji mzuri, mpishi mzuri na nahodha mzuri huanzia utotoni, kwa mtu anayekijua na kukipenda kwao. Lakini hata kama isingeingia shilingi, ahadi ya 1961 ni deni. Anayelidai ana miaka kumi, yuko likizo, na hajui kama anadai.

Naomba kutoa hoja.