Tableti mpya inakuja: tungoje ao tununue?

Katika koperative nyingi za kahawa na kakao za huku kwetu swali linarudi kila mara. Pesa ya tableti iko kwenye kisanduku, lakini vijana wanasema tusinunue kwanza, sababu mwaka ujao kutatoka ingine yenye nguvu zaidi. Wanaonyesha hata picha zake kwenye telefone, wakati kampuni yenyewe haijasema neno.

Mimi naona tusingoje. Sisemi kama wanadanganya. Kubashiri tableti inayofuata si uchawi, mutu mwenye kufuata mambo anaweza kupata karibu yote. Shida ni kwamba vile wanavyobashiri si vile tunavyokosa shambani.

Tuchukue iPad ya Apple, sababu historia yake inajulikana vizuri. Ya kwanza ilitoka 2010 bila kamera hata moja. Watu wakasema ya pili itakuwa na kamera, na kweli, 2011 ikaja nazo mbili. Telefone za kampuni ileile zilikuwa tayari na kioo chenye picha safi sana, basi wakabashiri kitafika na kwenye tableti. Kikafika mwezi wa 3 wa 2012. Lakini kioo kile kilikula moto mingi, ikabidi watie batiri kubwa, na uzito ukapanda kutoka gramu 601 mpaka 652. Kisha, mbele ya mwaka ule kuisha, mwezi wa 11, ingine ikawa sokoni, na tundu la waya wamelibadilisha. Wale walionunua mwezi wa 3 walikasirika, na ninawaelewa.

Prosesa ndiyo rahisi zaidi kubashiri. iPad ya bei ya chini haipewi prosesa mpya. Ni kama mutoto anayevaa shati la kaka yake. Ile ya 2022 ilipewa prosesa ya telefone za 2020, na ile ya 2025 ikapewa ya telefone za 2022. Ya kesho, kwa mawazo yangu, itafuata njia ileile. Itafungua programu haraka kidogo. Lakini kuandika jina la mukulima na kilo zake kunahitaji nguvu gani?

Sasa angalieni kile ambacho hakisogei. Mwaka 2010 kampuni ilisema batiri inafika saa 10. Mwaka 2025, saa 10. Mwangaza wa kioo cha ile ya bei ya chini ulikuwa niti 500 katika 2022, na katika 2025 ni 500 tu. Chini ya jua la saa sita utaona uso wako kuliko maandishi. (Na kobalti ya batiri za dunia, sehemu kubwa inatoka hapa hapa Congo. Hiyo ni habari ya siku ingine.)

Jambo linaloniuma zaidi ni GPS. iPad ya Wi-Fi tu haina GPS ndani. Inakisia mahali ilipo kwa kutumia Wi-Fi za karibu, na kwenye vilima vya Kalehe ao Idjwi utazipata wapi? Ile inayoingia kadi ya simu njo iko na GPS. Marekani, ile ya 2025 ilianza kwa dola 349, na yenye kadi ya simu dola 499. Tableti za Android, zingine zina GPS hata bila kadi, zingine hazina. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 juu ya misitu inataka kahawa na kakao zijulikane zimetoka shamba gani: kwa shamba la hektari 4 ao chini, alama moja inatosha, likipita hapo, mipaka yake yote. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuuliza. Alama ikiangukia ndani ya pori ao katikati ya ziwa, mazao ya mwanamemba yule yatakataliwa, hata kama tableti ni ya jana.

Nikibashiri na mimi, mabadiliko yenye faida kwetu yataletwa na sheria kuliko na viwanda. Tayari Ulaya imelazimisha tundu moja la waya, USB-C. Tangu mwezi wa 6 wa 2025 inataka batiri ya tableti ibakie na asilimia 80 baada ya kutiwa moto mara 800. Na batiri ya kutoa kwa mukono haihitaji kungojewa: Samsung Galaxy Tab Active5 ya 2024 iko nayo.

Vijana wako na haki kwa neno moja. Tableti ya zamani sana, hata ya bei ndogo, ni hasara, sababu programu mpya zinaikataa. iPad ya 2010 ilinyimwa programu ya 2012. Basi tununue ile inayouzwa sasa.

Komite ikienda kununua, itoke nayo nje ya duka kwenye jua kali. Izime Wi-Fi na intaneti, ifungue programu ya kupima shamba, na kungojea dakika chache. Alama ikionekana, na mukisoma kioo bila kukifunika kwa mukono, lipeni, ili mashamba yapimwe mbele kahawa haijaanza kuiva.