Tokeni za Stima Unaangalia, za AI Je?

Wasee, wacha niulize. Tokeni za stima zikibaki yuniti mbili, nani kwa nyumba huwa hajui? Hata mtoto wa darasa la pili anaambia mamake mita inalia. Lakini wewe, developa wa kujiita, unafungua AI saa tatu usiku, unaimwagia projekti yote, halafu saa tano unaambiwa limiti imeisha, rudi saa nane. Unakimbia X kulia ati umefanyiwa unyama.

Nasema hivyo nikiwa nimeumwa pia. Juzi nilikuwa natengenezea mama mmoja wa viatu tovuti. Mteja anapata ujumbe wa M-Pesa kwa simu, anaweka PIN, pesa inatoka, lakini oda inabaki imeandikwa haijalipwa. Nikaambia AI irekebishe. Ikasoma mafaili yote, ikaandika upya. Nikasema "bado." Ikasoma tena. "Bado." Tena. Limiti ikakata. Nikabaki hapo na chai baridi, nikafungua msimbo nikausoma mwenyewe, kitu sikuwa nimefanya siku mbili. Anwani ya kupokea jibu la malipo nilikuwa nimeweka localhost. Yaani M-Pesa itume jibu kwa laptopu yangu, huku Umoja! Kurekebisha ilichukua dakika nne.

Shida ni hii: watu wanadhani wanahesabiwa maswali. Hapana. Kila ukituma ujumbe kwenye mazungumzo yaleyale, historia yote inaenda tena nayo: mafaili, makosa, na zile "bado" zako zote. Hata wakikupunguzia bei ya yaliyorudiwa, "bado" ya ishirini ni neno moja lililobeba gunia. Umemaliza kazi moja? Anza mazungumzo mapya. Kwa Claude Code ni /clear tu, na /context inakuonyesha nini kimejaza nafasi. Na kubadilisha rangi ya kitufe hakuhitaji modeli kubwa kuliko zote, buda.

Sasa msidhani nazitetea kampuni. Juni 2025 Cursor walibadilisha hesabu ya mpango wao wa dola 20, watu wakashtukia bili, na Julai 4 wakaomba msamaha na kuahidi kurudisha pesa. Agosti 28 mwaka huohuo Anthropic wakaweka limiti za wiki juu ya ile ya kila saa tano. Sawa, mashine zina gharama, sikatai. Lakini mita ya stima huniambia yuniti ngapi zimebaki. Hizi zinaniambia nimetumia asilimia 80. Asilimia 80 ya nini? Leo ndoo, kesho wakileta kikombe, asilimia itasomeka vilevile na mimi sitajua. Hiyo ndiyo kelele ya kupiga, si "limiti imenikata."

Halafu kuna wale wa "si ulipie tu ya dola 200." Hiyo ni zaidi ya elfu 25, kila mwezi. Kuna watu hapa hiyo ni kodi ya nyumba na chakula juu. Na kama hujui msimbo wako unasema nini, hiyo ya dola 200 itakusaidia tu kuandika "bado" mara nyingi zaidi.

Mama wa viatu aliniuliza mbona ilichukua siku mbili. Nilimwambia ni netiwaki.