Mtoto Asiyerefuka: Thairoidi Ipimwe Kwanza

Mtoto wa miaka minane mwenye kimo cha mtoto wa miaka mitano anapofikishwa hospitalini, wengi hukimbilia kuuliza iwapo amepungukiwa homoni ya ukuaji. Swali hilo ni halali, ila limetangulizwa kabla ya wakati wake. La kwanza lilipaswa kuhusu thairoidi, tezi yenye umbo la kipepeo iliyoko mbele ya shingo.

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Seli zinazoitengeneza hazitegemei amri ya ubongo peke yake. Homoni ya thairoidi iitwayo T3 huingia hadi kwenye kiini cha seli, ikashikamana na kipokezi chake, na kwa pamoja vikachochea jeni ya homoni ya ukuaji ifanye kazi. Katika miaka ya 1970, Herbert Samuels na wenzake nchini Marekani walilionyesha jambo hili kwa seli za pituitari ya panya zilizokuzwa maabara: ziliponyimwa homoni ya thairoidi, uzalishaji wake ulishuka, ziliporudishiwa, ukapanda. Binadamu si panya, na jeni yake haiitikii T3 kwa nguvu ile ile. Hata hivyo, mtoto ambaye thairoidi yake imelegea huonyesha kiwango hafifu cha homoni ya ukuaji anapofanyiwa kipimo cha kuichochea, na kiwango hicho kwa kawaida hurejea baada ya matibabu.

Hapo ndipo pupa inapogharimu. Kipimo hicho kikifanywa thairoidi ikiwa bado haijachunguzwa, majibu yanaweza kumhukumu mtoto kuwa pituitari yake ni mbovu, kumbe ni nzima na inasubiri tu homoni kutoka shingoni. Familia itaambiwa inunue sindano za kila siku, kwa miaka, kwa bei isiyobebeka na wengi. Ilhali kidonge cha levothairoksini, dawa ya bei nafuu, ndicho kilichohitajika. Tena sindano hizo zisingefaa sana, kwa kuwa mifupa yenyewe huhitaji homoni ya thairoidi ili irefuke.

Wapo wanaoridhika na kupima TSH peke yake, homoni ya pituitari inayoiamrisha thairoidi. Haitoshi. Pituitari ikiwa ndiyo mgonjwa, TSH huweza kuonekana ya kawaida huku T4 ikiwa chini. Kwa hiyo T4 huru ipimwe pamoja nayo. Na katika ugonjwa huo wa pituitari, upungufu wa kotisoli utafutwe na kutibiwa kabla ya levothairoksini kuanzishwa, la sivyo mgonjwa aweza kuzidiwa ghafla.

Kuchelewa nako kuna hasara yake. Mtoto anayeanza dawa akiwa ukingoni mwa balehe mara nyingi hafikii kimo alichostahili. Nchini Tanzania, kliniki ya watoto humfuatilia mtoto hadi miaka mitano, ilhali thairoidi ya wengi hulegea baadaye, katika umri wa shule. Mwalimu mwenye futi iliyobandikwa ukutani na daftari la kuandikia vimo, mara mbili kwa mwaka, angewatambua watoto hao mapema kuliko hospitali yoyote ya rufaa.